Abebe Bikila Baada ya Ajali

Linapotajwa jina la Abebe Bikila, aghalabu hukumbukwa nyayo zake tupu katika barabara za Roma. Wasimulizi wengi huishia hapo, au Tokyo, kana kwamba miaka yake ya mwisho katika kiti cha magurudumu haikuwa na la kusimuliwa. Huko ni kumpunja.

Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nchini Ethiopia, katika jamii ya Waoromo. Jamii hii si ngeni kwa watu wa Garissa: Wamunyoyaya na Waorma wa kandokando ya Mto Tana husema lahaja za Kioromo. Alipojiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, kipawa chake kilitambuliwa na kocha Onni Niskanen wa Uswidi. Mwaka 1960 alishinda marathoni ya Olimpiki akikimbia peku. Mwaka 1964 alishinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, majuma machache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Hakuna aliyewahi kuishinda mbio hiyo mara mbili kabla yake.

Machi 1969 gari lake lilipinduka karibu na mji wa Sheno. Akapelekwa Uingereza katika hospitali ya Stoke Mandeville, ambako daktari Ludwig Guttmann alikuwa ameanzisha michezo ya watu wenye ulemavu tangu mwaka 1948. Mwanzoni hata mikono haikumtii. Baada ya matibabu ya miezi kadhaa mikono ikarudi, lakini miguu iliyomjengea jina haikurudi tena.

Mtu aliyekwisha kupata sifa zote angeweza kubaki nyumbani na medali zake. Bikila alishika upinde. Mwaka 1970 alishiriki katika michezo ya Stoke Mandeville, akashindana kulenga shabaha kwa mishale na kucheza mpira wa meza. Hakutamba huko kama alivyotamba barabarani, wala haikumzuia kuendelea: bingwa wa dunia alikubali kuwa mwanafunzi tena, mbele ya watu. Mwaka uliofuata alikwenda Norway akashinda mbio za sledi katika theluji, yeye mwana wa nchi isiyojua michezo ya theluji.

Mwaka 1972 alialikwa Olimpiki ya Munich, na umati ukamsimamia kwa makofi. Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni mwaka huo, alimwendea kumpa mkono.

Bikila alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 kwa kuvuja damu ubongoni, tatizo lililotokana na ajali ile, akiwa na umri wa miaka 41. Alizikwa Addis Ababa, Mfalme mwenyewe akihudhuria, na siku ya maombolezo ikatangazwa nchi nzima.