Alessandro Volta: Mtu wa betri aliyeikuta gesi kwenye tope

Msikilizaji wetu, ukiitazama betri ya simu yako utaona herufi V pembeni ya namba. Hiyo ni volti, na volti ni jina la mtu: Alessandro Volta. Wengi wanamjua kwa umeme. Wachache wanajua kwamba kabla ya betri alivumbua gesi inayoweza kupikia ugali wetu huku Ufipa.

Volta alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 mjini Como, kaskazini mwa Italia. Ukoo wake ulikuwa wa heshima, lakini fedha ilikuwa haba. Alichelewa sana kusema, na baba yake alifariki angali mtoto. Wakubwa wa familia walitaka asome sheria, yeye akapenda fizikia, na baadaye akawa mwalimu wa somo hilo.

Mwezi Novemba 1776, kando ya Ziwa Maggiore, alichokoa tope kwa fimbo. Mapovu yakapanda, akayakinga kwenye chupa, kisha akaisogezea moto ile hewa. Ikawaka. Volta akaeleza kuwa inatokana na majani na viumbe vilivyooza chini ya maji. Leo tunaiita methani, na ndiyo sehemu kubwa ya bayogesi.

Alifundisha Chuo Kikuu cha Pavia kwa miaka mingi. Mwaka 1800 alitangaza betri yake ya kwanza: vipande vya zinki na shaba vilivyopangwa kwa zamu, katikati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Napoleon alimwita Paris kuionyesha. Volta alifariki Como tarehe 5 Machi 1827, akiwa na miaka 82. Mwaka 1881 wanasayansi waliipa volti jina lake.

Sasa turudi nyumbani. Mfipa amejua tangu zamani kuwa majani yakifukiwa kwenye matuta ya ntumba huoza na kurutubisha udongo. Kinyesi cha ng'ombe nacho huoza. Kikirundikwa na kulowana, pasipo hewa kupenya, hutoa methani, ambayo hupasha joto dunia zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

Kikiingizwa kwenye shimo lililofunikwa, kikachanganywa na maji, gesi hiyo huenda jikoni kwa bomba. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimejenga mitambo ya namna hii kwa miaka mingi. Ng'ombe wawili au watatu wanaolala zizini huweza kutosha mtambo mdogo wa familia. Tope linalobaki ni mbolea ya shamba la mahindi.

Gesi ikiungua hutoa hewa ukaa, lakini ni ileile ambayo majani yaliivuta angani. Ukijumlisha methani iliyozuiwa kupotea na miti ambayo haikukatwa kwa mkaa, hesabu inaweza kushuka chini ya sifuri: kinachozuiwa kufika angani ni kingi kuliko kinachoongezwa.

Ila sharti moja: mtambo usivuje. Ukivuja, unaimwaga angani methani ileile tuliyotaka kuizuia. Tena baridi ya Juni na Julai huku juu hupunguza gesi. Kwa hiyo muulize fundi mwenye ujuzi na afisa mifugo wa kata yako kabla ya kuchimba.