Maisha ya Askofu Samuel Ajayi Crowther na Watu Waliomvusha

Katika siku za Jubilii ni desturi yetu kuhesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na watu waliobatizwa. Hesabu hiyo ni njema. Walakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari la parokia, nayo ni hesabu ya watu waliomshika mwenzao mkono siku ile maisha yake yalipogeuka. Kwa ajili ya hesabu hiyo nimeona vema kuwasimulia ndugu zangu, na hasa waalimu wenzangu, maisha ya Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa Askofu katika Kanisa la Kianglikana. Wengi wamelisikia jina lake. Wachache wamefikiri ni mara ngapi mtu huyu alilazimika kuanza maisha upya, na ni nani aliyekuwa karibu naye kila mara.

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1807 katika mji wa Osogun, katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni upande wa kusini-magharibi wa Nigeria. Jina Ajayi Wayoruba humpa mtoto azaliwaye kifudifudi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na mama yake aliitwa Afala. Siku zile dola kubwa ya Oyo ilikuwa ikivunjika, vita vikaenea kila upande, na mateka wa vita wakawa bidhaa ya sokoni.

Asubuhi moja ya mwaka 1821, wanawake wakiwa jikoni wanapika chakula, mji wa Osogun ukazingirwa na maadui. Baba yake akaja mbio kuwaonya watu wa nyumbani wakimbie, kisha akarudi kupigana. Ajayi hakumwona tena. Yeye mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka 13 hivi, akakamatwa pamoja na mama yake na ndugu zake wawili wa kike, mmoja wao akiwa bado ananyonya. Wakafungwa kamba shingoni, wakaswagwa kama mbuzi, na nyuma yao moto ukawaka juu ya mapaa ya nyumba zao.

Basi huo ndio mgeuko wa kwanza, na haukuwa mmoja, ulikuwa mingi kwa mfululizo. Ajayi alitengwa na mama yake, akabadilishwa kwa farasi. Farasi alipoonekana hafai, akarudishwa, na kwa muda wa miezi michache akawa karibu na mama yake tena. Kisha usiku mmoja akatiwa pingu, na alfajiri akapelekwa sokoni. Akauzwa mara kadhaa, mara nyingine kwa tumbaku na pombe kali, hata akawa hajui tena yu mali ya nani. Hofu yake kubwa ilikuwa kuuzwa kwa Wareno wa pwani. Kwa hofu hiyo, zaidi ya usiku mmoja alijaribu kuyakatisha maisha yake, lakini mkono wake haukuweza kulitimiza jambo hilo. Nalitaja hili kwa sababu wako watoto na watu wazima miongoni mwetu ambao huzuni imewafikisha ukingoni namna hiyo, nao hukaa kimya darasani na kanisani, tusijue. Mvulana yule aliyetaka kufa alikuwa na miaka 70 ya kazi mbele yake.

Alilolihofu likampata. Katika mji wa Lagos akauzwa kwa Wareno, na mwezi wa Aprili 1822 akapakiwa katika merikebu ya watumwa pamoja na wenzake, jumla yao watu 187. Lakini safari ile haikufika mbali. Manowari za Kiingereza, zilizokuwa zikilinda bahari ili kuzuia biashara hiyo, zikaikamata merikebu siku ya 7 Aprili. Ajayi akahamishiwa katika manowari iliyoitwa Myrmidon, ambayo nahodha wake alikuwa Henry Leeke.

Wasomaji wangu, msidhani ya kuwa furaha ilikuja mara ile. Wavulana wale waliona vipande vya nyama vimetundikwa, na risasi za mizinga zimepangwa juu ya sitaha, wakaamini ya kuwa ile ni nyama ya wenzao na zile ni vichwa vyao. Hata walipokaribia na kutazama vizuri ndipo walipotambua ya kuwa nyama ni ya nguruwe na vichwa ni chuma. Hivyo ndivyo alivyo mtu aliyegeuziwa maisha yake ghafula: hata mkono wa mwokozi huuogopa, maana bado hajaujua. Ampokeaye mgeni wa namna hiyo asichukizwe akiona hashukuriwi siku ya kwanza.

Tarehe 17 Juni 1822 Ajayi alishuka pwani ya Sierra Leone, nchi iliyokuwa makao ya watu waliokombolewa baharini. Sisi wa pwani ya mashariki twaweza kuyafahamu mambo haya, kwani Kiungani na Mbweni kule Unguja, na Freretown karibu na Mombasa, palikuwa na watu kama hao, waliotolewa katika majahazi, hawana baba wala mama, wakaanza maisha mapya katika shule na kanisa. Ajayi akapelekwa kijiji cha Bathurst, na huko wamisionari wakampokea. Huko ndiko alikojifunza alfabeti, na kwa muda wa miezi sita akaweza kusoma Agano Jipya. Bwana John Weeks akamfundisha useremala. Tarehe 11 Desemba 1825 akabatizwa, akaitwa Samuel Crowther, kwa jina la padre mmoja wa London. Jina lake la kwanza hakulitupa. Alilichukua pamoja na lile jipya mpaka mwisho wa maisha yake.

Katika kijiji kile alikuwako pia msichana aliyeitwa Asano, aliyekombolewa kama yeye. Naye alibatizwa, akaitwa Susan, akawa mwalimu. Hao wawili wakaoana. Wote wawili walikuwa wamepoteza watu wao, nao wakajenga nyumba mpya, wakazaa watoto na kuwalea, na Susan akafundisha shule bega kwa bega na mumewe. Mwaka 1827 chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa, Crowther alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza, na baadaye akawa mwalimu huko.

Mwaka 1841 alichaguliwa kwenda na msafara wa merikebu tatu za Kiingereza kupanda mto Niger, pamoja na mmisionari J. F. Schön. Homa iliwaua Wazungu wengi, na msafara ukavunjika. Lakini katika safari ile ilionekana wazi ya kuwa watu wa nchi hizo watafundishwa na Waafrika wenzao, na kwa lugha zao wenyewe. Crowther akapelekwa Uingereza kusoma, na mwaka 1843 akapewa daraja ya ushemasi, kisha ya ukasisi. Mwaka huohuo msamiati wake wa Kiyoruba ulipigwa chapa. Aliporudi Freetown, mwanzoni mwa mwaka 1844, alihubiri kwa Kiyoruba mbele ya watu waliokombolewa kama yeye. Fikirini furaha ya wazee wale waliodhani ya kuwa lugha ya mama zao haina mahali katika nyumba ya Mungu.

Mwaka 1845 akafika Badagry, pwani ya nchi yake, akiwa na mmisionari Henry Townsend na wenzao. Walitaka kwenda Abeokuta, lakini njia ilikuwa imefungwa, wakangoja kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Mwezi wa Agosti 1846 ndipo walipofika. Siku ya 21 ya mwezi ule, mwanamke mzee akaja nyumbani kwa Crowther. Alikuwa Afala, mama yake. Miaka 25 ilikuwa imepita. Hawakuweza kusema neno. Wakashikana mikono, wakatazamana kimya, machozi yakawatoka. Mama alikuwa ametekwa na kukombolewa, amezeeka, asitumaini tena kumwona mtoto wake. Akaja kukaa kwa mwanawe, na mwaka 1848 akabatizwa, miongoni mwa watu wa kwanza waliobatizwa Abeokuta. Akaitwa Hana, jina la mama yake Samweli katika Maandiko.

Tangu hapo kazi yake ikaongezeka. Akaendelea kuitafsiri Biblia kwa Kiyoruba pamoja na wenzake, na mwaka 1857 kitabu chake cha kwanza cha kusomea Kiibo kikatoka. Huko Uingereza katibu wa chama cha CMS, Henry Venn, alimpenda na kumwamini, akashikilia ya kuwa Kanisa la Afrika liongozwe na Waafrika. Crowther hakukitamani cheo cha Askofu. Venn ndiye aliyemsihi hata akakubali.

Tarehe 29 Juni 1864 akawekwa wakfu katika kanisa kuu la Canterbury. Miongoni mwa watu waliojaa kanisani alikuwako Henry Leeke, nahodha wa Myrmidon, ambaye sasa alikuwa amiri. Na alikuwako mjane wa Bwana Weeks, mama aliyemfundisha alipokuwa mvulana katika Sierra Leone. Yule aliyemtoa katika merikebu na yule aliyempa herufi walikaa kumtazama akipokea uaskofu. Ni watu wachache duniani wanaojaliwa kuwaona mahali pamoja wale waliowavusha.

Kama ningeishia hapo, ndugu zangu, ningekuwa nimewapa hadithi tamu na nusu ya kweli. Maana mgeuko ulio mgumu kuliko yote, baada ya ule wa utumwa, ulimpata uzeeni. Venn akafa mwaka 1873. Mkewe Susan akafa mwaka 1880, na mama yake mwaka 1883. Wale waliomjua tangu mwanzo wakawa wametoweka. Kukaja vijana kutoka Uingereza, wenye bidii nyingi na saburi kidogo, wakaona kazi ya Niger ina makosa. Makosa yalikuwako kweli, kwani wako baadhi ya watenda kazi wa Askofu walioanguka, na nchi aliyopewa ilikuwa pana mno kwa mtu mmoja. Lakini vijana wale hawakumjia kama watoto wamjiavyo mzee ili kutengeneza yaliyoharibika. Mwezi wa Agosti 1890, katika mkutano wa kamati huko Onitsha, watenda kazi wake wa Kiafrika walishutumiwa mbele yake na kusimamishwa kazi, na mwanawe Arkidiakono Dandeson alikuwa mmoja wao. Yeye Askofu, mzee wa miaka zaidi ya 80, akaona neno lake halina uzito tena. Akajiuzulu katika kamati ile.

Hata hivyo hakuachwa peke yake kabisa. Mwanawe alisimama naye, na Wakristo wa Delta ya Niger, ambao wengi wao walisikia Injili kwa kazi yake, wakashikamana naye, wakaanza kupanga kulitegemeza na kuliongoza kanisa lao wenyewe. Hakuishi kuuona mpango huo ukikamilika. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Aliyewekwa baada yake alikuwa Mzungu. Katika mwezi wa Juni 2014, ilipotimia miaka 150 tangu kuwekwa wakfu kwake, ibada ilifanyika Canterbury, na Askofu Mkuu wa Canterbury akaomba radhi mbele ya watu kwa namna Crowther alivyotendewa. Radhi hiyo ilikuwa njema, lakini mzee mwenyewe alikuwa kaburini miaka 122.

Sasa nawageukia waalimu wenzangu na wazee wa makanisa. Maisha haya yatufundisha ya kuwa mtu havuki peke yake. Ajayi alikuwa na akili na moyo wa subira, lakini mara zote alikuwako mtu: nahodha, mwalimu, mke, mama aliyerudi, rafiki ofisini. Yeye naye akawavusha wengine kwa lugha, kwa kitabu na kwa mfano wake. Sisi katika dayosisi yetu twajua kumpokea mtoto yatima, na kumpa kalamu na daftari. Twajua pia kumshangilia mtu apandishwapo daraja. Lakini mzee aliyeondolewa katika kazi yake, mwalimu wa dini ambaye nguvu zimemwisha, mjane wa padre aliyehama nyumba ya misioni, hao tunawaacha wavuke peke yao, kana kwamba kivuko cha mwisho hakina maji.

Basi baada ya ngoma na pilau ya Jubilii, kila parokia na itafute majina ya wazee wake waliotumika na kusahauliwa, watu wakaende kuketi nao barazani, wakawaulize shauri, wakawachukulie chochote. Tusiwe watu wa kuomba radhi juu ya makaburi. Aliyetuvusha jana, leo anatungoja ng'ambo hii. Twende tukamshike mkono angali hai.