Maisha ya Watangulizi: James Chuma, Mtoto Aliyeuzwa



Katika ukurasa huu wa maisha ya watangulizi, safari hii tunawaletea habari za James Chuma. Wengi wanamfahamu kwa jambo moja tu: yeye na mwenzake Susi ndio walioongoza watu walioubeba mwili wa Daktari David Livingstone kutoka katikati ya Afrika hadi pwani. Sisi tumemchagua kwa sababu nyingine. Chuma alitenganishwa na ukoo wake akiwa mtoto, akalelewa na wageni, na baadaye akawaongoza wengine waliopotezwa kama yeye walipokwenda kuanza maisha mapya. Sisi tuliotoka Awasse na vijiji vya jirani, ambao hata leo tunaulizana nani yuko wapi, tuna la kujifunza kwake.

Alivyouzwa na alivyookolewa

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1850. Siku hizo biashara ya watumwa ilikuwa imeenea katika nchi yote iliyo kati ya Ziwa Nyasa na bahari. Mateka walisukumwa hadi Kilwa, Ibo na Kisiwa cha Msumbiji, na kutoka huko wakapandishwa vyombo kwenda Unguja, Arabuni, visiwa vya Wafaransa na hata Brazil. Mtoto aliyekwenda kuteka maji asubuhi aliweza kuwa mali ya mtu mwingine jioni.

Chuma naye aliuzwa akiwa mdogo. Mwaka 1861, alipokuwa na miaka kama 11, Livingstone na Askofu Charles Mackenzie waliwafungua watumwa katika nyanda za juu za mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi. Chuma alikuwa mmoja wa waliofunguliwa siku zile, pamoja na mvulana mwingine aliyeitwa Wekotani. Waliokolewa wakawekwa Magomero, kwenye misheni mpya ya askofu. Hapakuwa na raha. Vita, njaa na homa viliwafuata, na askofu mwenyewe alikufa Januari 1862. Misheni ikahamahama, na mwishowe ikaenda Unguja.

Mwaka 1864 Livingstone aliwachukua Chuma na Wekotani katika meli yake ndogo, Lady Nyassa, akaiendesha mwenyewe kutoka Unguja hadi Bombay, Bara Hindi. Huko wavulana waliwekwa katika shule ya mmisionari John Wilson, wakajifunza kusoma, wakabatizwa. Chuma alipewa jina la James. Basi tazameni: mtoto wa Kiyao, akiwa bado kijana mdogo, alikwisha kuvuka bahari na kupewa jina jipya na watu wasiomjua mama yake.

Rafiki yake alipowapata ndugu

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika, na vijana wale wawili walikuwa naye. Meli ilijaribu kwanza kuingia kinywa cha mto Ruvuma, ikashindikana, wakashukia Mikindani mwezi Machi. Kutoka hapo walipanda kwa miguu wakiufuata mto, wakipita katika nchi ya Wamakonde, mahali pengine wakilazimika kufyeka msitu ili ngamia na nyumbu wapite. Wazee wetu waliokaa ng'ambo hii ya Ruvuma wakati ule walikuwa majirani wa njia hiyo. Mwezi Julai walifika Mwembe kwa chifu Mataka, mkuu wa Wayao, katika sehemu ambayo leo ni mkoa wa Niassa, Msumbiji.

Mwezi Septemba, walipofika kusini mwa Ziwa Nyasa, Wekotani alimkuta ndugu yake wa damu. Aliomba akae. Livingstone alimwacha, naye akabaki na watu wake. Chuma naye alivutwa abaki na Wayao wenzake, lakini aliendelea na safari.

Hapo Livingstone aliandika katika shajara yake jambo ambalo sisi tumelisoma mara nyingi. Alisema Chuma alikuwa ameanza kuamini kwamba waliomkamata na kumuuza ni Wamanganja, watu wa kabila jingine, wala si Wayao wenzake. Kwa maoni ya Livingstone, aliuzwa na watu wa kwao, kama Wekotani.

Hatumcheki Chuma. Mtoto aliyepotea hutaka kuamini kwamba nyumbani kwao ni pema, na kwamba ubaya ulitoka mbali. Je, sisi hatufanyi hivyo? Tunapowasimulia watoto habari za vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na jinsi Awasse ilivyotekwa mwaka 2020, ni rahisi kusema walikuja watu wageni tusiowajua. Wageni walikuwapo. Lakini miongoni mwa waliotuchomea nyumba walikuwamo pia vijana wa vijiji vya huku huku, waliocheza na watoto wetu, na wengine ni wa koo zetu. Kulitaja hilo ni chungu. Lakini habari ya ukoo ikifichwa doa, wajukuu watakuja kuligundua wenyewe, na wasituamini tena kwa mengine.

Biblia haikuficha. Yuda ndiye aliyetoa shauri Yusufu auzwe kwa Waishmaeli, na Yusufu alikuwa mdogo wake. Hata hivyo, tukifungua sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo, jina la Yuda limo katika ukoo wa Bwana wetu. Halikufutwa, wala kosa lake halikufutwa katika kitabu cha Mwanzo. Vyote viwili vimeandikwa.

Aliyembeba aliyemlea

Chuma alikaa na Livingstone miaka saba zaidi. Wengi walimkimbia mzee yule njiani. Yeye na Abdullah Susi, mtu wa Chupanga kwenye mto Zambezi, walidumu. Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, watu wake walishauriana. Wangeweza kumzika hapo na kwenda zao. Badala yake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Tunakumbuka Musa alivyoichukua mifupa ya Yusufu kutoka Misri.

Mwili ulizikwa London Aprili 1874, lakini Chuma na Susi hawakuwapo. Walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo, kwa msaada wa rafiki wa Livingstone, wakasaidia kueleza shajara zake ili zichapishwe. Bila kumbukumbu zao, mengi ya safari ile yasingeeleweka.

Walowezi wa Masasi

Sasa tunafika kwenye sehemu ya maisha yake inayotugusa zaidi. Aliporudi Unguja, Chuma aliajiriwa na misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, iliyoitwa UMCA. Mwaka 1875 aliongoza msafara wa Askofu Edward Steere kutoka Lindi hadi Mwembe kwa Mataka, kule alikopita na Livingstone miaka tisa kabla. Mwaka 1876 ikaja safari nyingine. Huko Unguja walikuwapo watumwa wengi waliookolewa baharini, na wengi wao asili yao ilikuwa nchi za Ruvuma na Nyasa. Askofu alitaka kuwarudisha bara. Akaondoka na wanaume na wanawake zaidi ya 50, pamoja na wasaidizi wake, na Chuma akiwa mwongozaji wa msafara.

Nia ilikuwa kufika nchi ya Wayao. Lakini walipofika Masasi, Novemba 1876, watu wenyewe waliomba wakae hapo. Ardhi ilikuwa nzuri, na walijiona wamekwisha karibia kwao. Askofu alikubali. Wakagawana viwanja, wakajenga nyumba, wakalima. Huo ndio mwanzo wa kanisa la Masasi, lililokuja kuwa dayosisi mwaka 1926.

Chuma hakukaa. Mwaka 1879 aliongoza msafara wa Keith Johnston kutoka Dar es Salaam. Johnston alifariki njiani, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Kwa msaada wa Chuma, aliyejua njia, lugha na tabia za machifu, walifika Nyasa na Tanganyika na kurudi salama. Mwaka 1881 wawili hao walitumwa na Sultani Barghash kutafuta makaa ya mawe upande wa Ruvuma na mto Lujenda, ndani ya Msumbiji ya leo. Makaa waliyoyatarajia hawakuyapata. Mwaka 1882 Chuma alifariki Unguja, akiwa na miaka kama 32 tu.

Mwaka huo huo ulikuwa mzito. Askofu Steere alifariki mwezi Agosti. Mwezi Septemba Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua na kuchukua mateka. Watu waliokwisha kuuzwa mara moja, wakaokolewa, wakajenga, walikimbia tena. Baadhi ya mateka walikombolewa kwa mali. Sehemu ya watu walihamia Newala pamoja na Padri Chauncy Maples, juu ya uwanda unaotazamana na Mueda ng'ambo ya mto. Baadaye Masasi ilijengwa upya.

Majina yaliyoandikwa

Wako Wamarekani wengi wanaofuatilia ukoo wao hadi merikebu moja, Mayflower, iliyofika Marekani mwaka 1620 na abiria 102. Karibu nusu yao walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Lakini gavana wao, William Bradford, alikaa akaandika majina: nani alikuja na nani, nani alikufa, nani alioa na kuzaa wangapi. Kwa orodha hiyo, mwaka 1897 wazao waliunda chama chao, na hata leo mtu huweza kuonyesha kizazi baada ya kizazi mpaka kwa babu aliyeshuka merikebuni.

Mwezi Desemba 1794 meli ya Kireno, São José, ilivunjika karibu na Cape Town ikiwa na watu zaidi ya 400 waliotolewa Msumbiji kupelekwa Brazil. Zaidi ya 200 walikufa maji, na waliosalia waliuzwa hapo hapo. Hao walihesabiwa kama shehena. Hata msafara wa Masasi, vitabu vya historia humtaja askofu na wasaidizi wake kwa majina, na walowezi wenyewe kwa hesabu tu. Walovuka bahari ya Marekani na waliotembea kutoka Lindi wote walikuwa waanzilishi, lakini ni wa kwanza tu walioandikwa mmoja mmoja.

Chuma tunamjua kwa sababu watu waliokuwa karibu naye waliandika. Kwa kila Chuma mmoja, maelfu wamepotea pamoja na majina yao.

Ndugu zetu, hapa makazini tuko kama watu wa Masasi. Ingawa majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliirudisha Awasse mwaka 2021, waliotawanyika hawakurudi wote, na sedula za watoto wengi ziliungua pamoja na nyumba. Watoto waliobebwa migongoni wakikimbia sasa wanakua, wakiuliza.

Kwa hiyo tunazishauri nyumba zote, za washirika wetu na za majirani zetu Waislamu pia, zitafute daftari moja. Andikeni jina la mama, la mama yake, na la mama wa huyo, kwa kuwa kwetu sisi, kama kwa Wayao, ukoo hufuatwa upande wa mama. Andikeni likola kwa Wamakonde na nihimo kwa Wamakua. Andikeni kijiji na jirani wa kulia na wa kushoto. Andikeni waliokufa na mahali walipozikwa, na waliopotea, bila kuwahesabu kuwa wamekufa. Andikeni jina la mtu aliyembeba mtoto asiye wake njiani, kwa maana huyo naye ni ukoo wa mtoto huyo, kama Livingstone na Susi walivyokuwa kwa Chuma. Na aliyeingia porini na bunduki, jina lake lisifutwe. Liandikwe mahali pake, kama la Yuda, mkimwombea atubu na kurudi.

Asiyejua kuandika amwendee katekista au kijana aliye shuleni. Wazee wasemeshwe sasa, wangali nasi.

Mungu awakumbuke wote waliotawanyika, na awarudishe kwa watu wao. Amina.