Deringer: Fundi Aliyeporwa Jina

Wapo watu ambao majina yao yamegeuka kuwa nomino za kawaida, nasi huyatamka bila kukumbuka kwamba yalipata kuwa na wenyewe. Henry Deringer wa Philadelphia ni mmoja wao. Katika kamusi za Kiingereza jina lake huandikwa kwa herufi ndogo, tena kwa r mbili ilhali yeye alikuwa na moja, na maana inayotolewa ni bastola ndogo ya kutiwa mfukoni. Walimu wa historia humtaja kwa nadra, na wakimtaja ni kwa sababu ya uovu wa mtu mwingine. Nadhani hapo hatumtendei haki.

Alizaliwa mwaka wa 1786 mjini Easton, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Babake alikuwa fundi wa bunduki, mhamiaji kutoka Ujerumani. Kijana alipelekwa Richmond, Virginia, kujifunza kazi hiyohiyo, na mwaka wa 1806 akafungua karakana yake Philadelphia, mji ambao hakuuhama tena. Kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na serikali. Aliliundia jeshi bastola na bunduki; aliunda pia bunduki ambazo serikali iliwagawia wenyeji asilia waliokuwa wakisukumwa ng'ambo ya mto Mississippi, hasa baada ya sheria ya mwaka wa 1830. Wapenzi wa silaha zake hulipitia jambo hili haraka mno. Mtu alinyang'anywa ardhi ya babu zake, kisha akapewa bunduki ya kuwindia huko alikofukuziwa, nayo bunduki ilikuwa kazi ya mikono ya Deringer.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ilitokana na bastola ndogo. Lugha yetu inayo maneno ya kuieleza, kwa kuwa silaha za aina hiyo zilifika pwani na bara katika biashara ya karne ya 19. Ilikuwa ya jamii ya gobori, yaani silaha inayoshindiliwa kwa mbele. Mpigaji alimimina baruti mtutuni, akatia risasi ya mviringo iliyozungushiwa kipande cha kitambaa, akaishindilia kwa mdeki hadi ikakaa barabara juu ya baruti. Haikuwa gumegume, ile ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, bali ilitumia fataki: kijikofia cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa na nyundo. Baada ya mlio mmoja kazi ilianza upya. Ndiyo maana ziliuzwa aghalabu kwa jozi.

Samuel Colt alikuwa amekwisha kupata hataza ya bastola ya mzinga unaozunguka mwaka wa 1836, na mtu angetarajia bastola ya risasi moja ikose mnunuzi. Haikuwa hivyo. Ya Deringer ilienea kiganjani, kitako chake kilipinda kama mdomo wa ndege, na mtutu wake mfupi ulikuwa mpana kiasi cha milimita 10, hivyo risasi yake ilikuwa nzito. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka wa 1848, watu wakamiminika huko, kila mmoja akimshuku mwenziwe, na biashara ya Deringer ikastawi ajabu.

Hakuikatia hataza bastola hiyo. Kilichomtofautisha na wengine ni jina tu, lililopigwa chapa juu ya chuma pamoja na jina la mji wake kwa ufupisho. Mafundi wengine wakaanza kuiga umbo, kisha wakaiga na chapa yenyewe. Miongoni mwao wamo waliopata kufanya kazi katika karakana yake. Kisa cha kuchekesha, ingawa kwake hakikuwa na kicheko, ni cha waigaji waliomshirikisha fundi cherehani aliyeitwa John Deringer, ili wapate kisingizio cha kuchapa jina hilo.

Mzee huyo alimshtaki A. J. Plate, mfanyabiashara wa San Francisco. Mshtakiwa alijitetea kwamba Deringer hakuandikisha alama yake kwa mujibu wa sheria ya California ya mwaka wa 1863, kwa hiyo hakuwa na haki. Mwaka wa 1865 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba haki ya mtu juu ya alama ya kazi yake haitokani na daftari la serikali. Sheria iliongeza kinga tu. Wanafunzi wa sheria wangali wanaisoma kesi hiyo.

Mwaka huohuo wa ushindi ndio uliomharibia jina. Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1865, mwigizaji John Wilkes Booth aliingia katika jukwaa la pembeni alimoketi Rais Abraham Lincoln, ndani ya ukumbi wa Ford mjini Washington, akampiga risasi kichwani kwa bastola ya Deringer. Ilikuwa na risasi moja tu. Booth akaitupa, akamkata kwa kisu Meja Henry Rathbone aliyejaribu kumkamata, akatoroka. Lincoln alifariki asubuhi iliyofuata.

Deringer aliaga dunia mwaka wa 1868, akiwa na umri wa miaka 81. Makampuni makubwa, Colt na Remington yakiwemo, yaliunda bastola ndogo za kutumia risasi za kisasa zilizoingizwa kwa nyuma, na umma ukaziita zote kwa jina lake ingawa hakuna hata moja aliyoigusa. Wakusanyaji wa leo hulazimika kuchunguza chapa kwa kioo cha kukuzia ili wapambanue kazi yake na ya waigaji. Ile iliyomuua Lincoln imo katika jumba la makumbusho la ukumbi wa Ford. Mwaka wa 1997 wapelelezi wa FBI waliipima kufuatia tetesi kwamba ilikuwa imeibwa na kuwekwa nakala mahali pake, wakaridhika kwamba ni yenyewe.