George Washington Williams: Mmarekani mweusi aliyemshtaki Leopold kutoka Kisangani

George Washington Williams alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka wa 1849. Akiwa na miaka 14 tu aliingia jeshi lililopigana na majimbo yaliyotetea utumwa. Baadaye akawa mchungaji, mwanahistoria na mbunge wa kwanza mweusi wa Ohio.

Mwaka wa 1890 alifika Kongo akitafuta namna ya kuleta Wamarekani weusi kufanya kazi. Yale aliyoyakuta yalimgeuza. Tarehe 18 Julai, akiwa Stanley Falls, Kisangani ya leo, alimwandikia Mfalme Leopold wa Pili barua ya wazi. Aliishtaki serikali yake kwa kuwadanganya machifu, kuchoma vijiji na kufanya biashara ya watumwa.

Huko Ubelgiji walimchafulia jina. Alikufa Uingereza mwaka wa 1891, na miaka 41. Leopold alilazimishwa kuiacha Kongo mwaka wa 1908.