Joseph Plateau: Kipofu wa Viputo vya Sabuni

Hujafa hujaumbika. Methali hii inaakisi maisha ya mwanafizikia Joseph Plateau, aliyezaliwa Brussels, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, tarehe 14 Oktoba 1801. Mwaka uo huo, jijini London, Thomas Young alieleza kwa nini kiputo cha sabuni hung'aa kwa rangi za upinde wa mvua ilhali maji yake hayana rangi. Utando wa kiputo una nyuso mbili. Nuru huakisiwa na kila uso, na mawimbi yake yakutanapo, baadhi ya rangi huimarika na nyingine hufifia. Unene wa utando ndio huamua rangi itakayoonekana.

Plateau alikuwa yatima akiwa na miaka 14. Tasnifu yake ya uzamifu, aliyoiwasilisha Liège mwaka 1829, ilihusu athari za rangi katika jicho. Mwaka 1832 alibuni kisahani ambacho kikizungushwa mbele ya kioo, michoro yake huonekana kutembea. Mtangulizi wa sinema. Mwaka 1835 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Ghent. Ajabu ni kwamba jicho, alilolichunguza kwa bidii, ndilo lililomsaliti. Kufikia mwaka 1843 alikuwa kipofu kabisa. Mwenyewe alilaumu jaribio alilofanya la kulikodolea jua macho. Wataalamu wa baadaye wanashuku maradhi.

Hata hivyo, hakukata tamaa. Mwanawe Félix na mkwewe Gustave Van der Mensbrugghe walikuwa miongoni mwa waliomwazima macho. Yeye alielekeza, wao walichovya fremu za waya katika mchanganyiko wa sabuni na glisirini, wakamsimulia walichokiona. Kimiminika kinapochuruzika, sehemu ya juu ya utando hukonda, mikanda ya rangi hushuka, na hatimaye panapokonda mno huwa peusi. Kwa Plateau, rangi zilikuwa zimegeuka maneno, na kwa maneno hayo alipima unene. Neno moja likikosewa, hitimisho zima lingepotoka.

Mwaka 1873 alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu vimiminika. Humo alionyesha kwamba tando za povu hukutana tatu tatu, kwa pembe za digrii 120. Uthibitisho wa kihisabati ulitolewa na Jean Taylor mwaka 1976. Plateau alifariki Ghent tarehe 15 Septemba 1883, baada ya miaka 40 ya kuchunguza, kwa maelezo ya wengine, rangi asizoweza kuziona.