Herbert William Garratt: Mhandisi Ambaye Jina Lake Lilipanda Changamwe

Utangulizi

Kwa takriban robo karne, kuanzia mwaka wa 1955, treni za mizigo zilizotoka bandari ya Kilindini zilivuka Makupa na kuanza kupanda kuelekea bara kupitia Changamwe, Miritini na Mazeras, zikivutwa na injini kubwa za mvuke zilizoitwa Garratt. Jina hilo lilikuwa la mtu. Mtu huyo hakuziona injini hizo, kwani alifariki dunia zaidi ya miaka arubaini kabla ya kuundwa kwake. Makala haya yanaeleza maisha yake pamoja na kanuni ya fizikia aliyoitumikia: nguvu ya kuzungusha.

Kuzaliwa na ujana wake

Herbert William Garratt alizaliwa London mwaka wa 1864. Akiwa kijana wa miaka kumi na mitano aliingia karakana ya reli ya North London huko Bow, akajifunza uhandisi kwa mikono yake. Mwaka wa 1889 alisafiri hadi Argentina kufanya kazi ya reli. Baadaye alihudumu Kuba, Lagos nchini Nigeria, Peru na New South Wales nchini Australia.

Safari hizo ndizo zilizomfunza. Kote huko alikuta shida moja: reli nyembamba, kona kali, vilima virefu na mizigo inayozidi uwezo wa injini.

Nguvu ya kuzungusha

Ili kuuelewa uvumbuzi wake, yafaa kumtazama fundi wa malori kando ya barabara ya Changamwe anapofungua nati ya gurudumu. Nati ikikaza, fundi huchomeka bomba kwenye mpini wa spana na kuurefusha. Misuli yake haijaongezeka, lakini nati hulegea. Sababu ni kwamba uwezo wa kuzungusha hupatikana kwa kuzidisha nguvu inayotumika kwa umbali wake kutoka kwenye kitovu cha mzunguko. Umbali ukiwa maradufu, uwezo huo nao huwa maradufu. Mwelekeo pia una uzito wake: fundi akiisukuma spana kuielekea nati yenyewe badala ya kuisukuma kwa upande, hakuna kitakachozunguka hata akitokwa na jasho.

Injini ya mvuke hufuata kanuni iyo hiyo. Mvuke huisukuma pistoni, pistoni huusukuma mtaimbo, na mtaimbo hulisukuma gurudumu kupitia pini iliyowekwa mbali kidogo na kitovu chake. Pini inapokuwa kwenye mstari mmoja na mtaimbo na kitovu, mzunguko haupatikani. Ndiyo maana pini za upande wa kulia na wa kushoto hupishanishwa kwa robo mzunguko, ili upande mmoja ukikwama mwingine usukume.

Hata hivyo, kuongeza nguvu hiyo kuna mpaka. Ikizidi mshiko uliopo baina ya gurudumu na reli, gurudumu huteleza na kuzunguka bure. Mshiko huongezwa kwa uzito, lakini uzito mkubwa juu ya ekseli moja huharibu reli nyepesi. Magurudumu yakiongezwa kwenye fremu moja ndefu, injini hushindwa kupinda kwenye kona. Hapo ndipo wahandisi wengi walipokwama.

Uvumbuzi wake

Garratt alirejea Uingereza mwaka wa 1906, na mwaka uliofuata akawasilisha ombi la hataza. Wazo lake lilikuwa kuigawa injini mara mbili. Seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake, zingewekwa mbele na nyuma, na boila lingening'inizwa katikati kwa egemeo mbili. Kwa njia hiyo kila seti iligeuka yenyewe kwenye kona, uzito ulisambaa juu ya ekseli nyingi, na boila, kwa kuwa halikuwa na magurudumu chini yake, liliweza kuwa nene na kutoa mvuke mwingi.

Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester ilikubali kulijaribu wazo hilo. Injini mbili za kwanza zilikamilika mwaka wa 1909, zikapelekwa Tasmania kwenye reli yenye upana wa sentimita 61 tu. Miaka minne baadaye, mwezi wa Septemba 1913, Garratt alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arubaini na tisa.

Garratt katika Afrika Mashariki

Reli ya Kenya na Uganda ilipokea Garratt zake za kwanza mwaka wa 1926. Kilele kilifikiwa kwa daraja la 59, injini 34 zilizoundwa mwaka wa 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na magurudumu 16 ya kuvuta. Pini ilikuwa takriban sentimita 36 kutoka kitovuni, na nusu kipenyo cha gurudumu sentimita 69. Kwa hiyo, hata pini inaposukumwa vyema kabisa, kiasi kinachozidi nusu kidogo cha nguvu ya mtaimbo ndicho kilichofika relini. Silinda zote nne zilitoa mvuto wa takriban nyutoni 370,000, sawa na uzito wa tani 38. Mvuto huo ulitosha kupandisha treni ya tani 1,200 kwenye mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita mia.

Injini za dizeli zilichukua nafasi yake, na kufikia mwaka wa 1980 enzi ya Garratt hapa ilikuwa imekwisha. Mojawapo, nambari 5918 iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.

Hitimisho

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Garratt alitunzwa zaidi ugenini: reli za Uingereza zilitumia injini zake chache, ilhali Afrika na Australia zilizitegemea kwa miongo mingi. Hakuvumbua nguvu mpya. Aliijua iliyopo, akatambua mahali inapopotea, akaipa magurudumu ya kutosha kuishika ardhi. Anayeielewa spana ya fundi wa Changamwe amekwisha kuielewa nusu ya kazi ya Garratt.